Aliyewatazama Waliorudi

Mkufunzi hakuwa na kawaida ya kuingia darasani, na hilo lilinikera kuliko ukaguzi wowote niliowahi kukaguliwa. Siku ya kwanza nilikuwa nimejiandaa vilivyo. Suruali nimeipiga pasi, andalio la somo liko mezani, kompyuta sita kati ya kumi zinawaka, na umeme, kwa bahati ya Mungu, upo. Yeye akaja na kikapu chake, akaitikia shikamoo yangu, akachungulia dirishani kama mtu anayetazama kama maharage yameiva, kisha akaketi kwenye ngazi ya nje, katikati ya viatu vya wanafunzi, akajimiminia chai ya tangawizi. Akakaa hapo vipindi viwili vizima. Mimi ndani nafundisha kwa sauti ya mnadani ili anisikie, yeye nje anakunywa chai.

Nilipotoka nikamuuliza kwa adabu mbona hakuingia.

"Waliomo nitawaona kwenye orodha yako," akasema. "Mimi natazama waliofika hapa wakarudi."

Sikumwelewa, na kusema kweli sikutaka kumwelewa. Nilikuwa na njaa.

Alikuwa mkufunzi wa serikali, ametumwa na mradi mmoja uliokuwa ukizunguka shule za sekondari za Songea na kuteremka hadi Tunduru. Kazi yake ilikuwa kutusaidia sisi walimu wa kompyuta tupate wanafunzi wa kila namna, wasiwe wale wale tu. Wale wale tuliwajua: wavulana wa mjini, wenye baba ofisini na kompyuta mpakato sebuleni. Wasichana hawakuja. Waliotoka vijijini na kupanga mageto mtaani hawakuja. Kwangu mimi mambo yalikuwa yamefika pabaya, maana Mkuu wa shule alishaniita akaniambia waziwazi kwamba kama orodha ya kidato cha tatu itaendelea kuwa na wavulana saba wa mjini peke yao, chumba kitageuzwa stoo ya vitabu na mashine zitapelekwa kwingine. Hatukuwa na mwalimu mwingine wa somo hilo. Kwa hiyo nilihitaji majina, na nilidhani mama huyu kaja na mbinu za kuyapata. Kaja na chupa ya chai.

Tulimwita Mkufunzi mbele yake na nyuma yake. Alikuwa mama mnene kiasi, Mngoni, Mkatoliki wa kutokosa jumuiya, mwenye sweta ya kijani aliyoivaa Julai na Desemba. Zamani alifundisha sayansi kimu, yaani mapishi, ushonaji na malezi. Namna alivyoangukia kwenye kompyuta sikuwahi kuijua vizuri. Nadhani alihudhuria semina mtu mwingine alipougua, akaandikwa, na serikali ikikuandika umeandikwa.

Na kompyuta yenyewe hakuijua. Nasema bila kumvunjia heshima. Alichapa kwa kidole kimoja, cha shahada, akiitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Ripoti zake aliziandika kwa kalamu kwenye daftari kubwa, kisha anamwomba mwanafunzi yeyote aliyepo amchapie. Simu yake ilikuwa ya batani. Walimu wenzangu, hasa vijana waliotoka chuo na vyeti vyao, walimcheka chooni na kwenye foleni ya chai. Nami nilicheka, sina sababu ya kuficha. Tulisema anakuja kutufundisha kuogelea na yeye hajui hata kuoga mtoni.

Baadaye nilikuja kuona kwamba kutojua kwake kulikuwa na faida ambayo cheti changu hakikuwa nayo. Mtoto anayemchapia ripoti mkufunzi wa serikali, akimsahihisha tahajia, haogopi tena mashine. Sijui kama alifanya kwa makusudi. Nilimuuliza mara moja akanijibu kwamba macho yake yanauma, nimwache.

Neno nililolipenda siku hizo ni mwamko. Wasichana hawana mwamko. Wazazi wa vijijini hawana mwamko. Ni neno zuri, linakaa vizuri kwenye ripoti, na likishaandikwa hakuna anayekuuliza umefanya nini. Mkufunzi alilichukia neno hilo kama mtu anavyochukia inzi kwenye uji. Akaniwekea sharti: kila nitakaposema fulani hawana mwamko, nitaje jina la mmoja wao. Basi nikawa naanza sentensi naishia njiani. Sikuwa na jina hata moja. Nilikuwa nimefundisha shule ile miaka mitatu.

"Unasema wamelala," aliniambia, "na hujawahi kwenda kuwagongea."

Aibu yenyewe ni kwamba mimi ni mtoto wa Mbesa, kijijini Tunduru. Nimekua chini ya mikorosho ya baba, nimekuja Songea na sanduku la bati na Kiswahili kilichonuka Kiyao, wakanicheka bweni zima. Ningepaswa kuwa wa kwanza kujua. Lakini mtu akishapanda ngazi, wallahi, kitu cha kwanza anachosahau ni ngazi.

Alikuwa na somo moja tu alilolifundisha mwenyewe, nalo halikuhitaji umeme wala chumba cha kompyuta, alilifundishia darasa la kawaida, wavulana kwa wasichana. Anawaambia wanafunzi yeye ni mashine, hajui lolote, wampe maelekezo ya kupika ugali. Wavulana wetu hodari wakaandika haraka: chemsha maji, weka unga, songa. Mkufunzi akasimama mbele na sufuria tupu, akachukua pakiti ya unga, akaiweka ndani ya sufuria nzima nzima bila kuifungua, akatulia. Darasa likaangua kicheko. Wakamwambia asonge. Akasema yeye mashine hajui kusonga ni nini, wamweleze mkono uende wapi, mara ngapi, na ataacha akiona nini. Hapo ndipo vijana waliojua kila mchezo wa kompyuta walipokwama, na msichana mmoja wa nyuma, ambaye mimi nilimjua kwa ukimya wake tu, akaanza kutaja hatua moja baada ya nyingine mpaka ugali ukaiva bila moto. Mkufunzi hakumsifu. Alimuuliza jina lake kamili, la baba na la babu, akaliandika kwenye daftari.

Somo hilo nikaliiba, kama sisi walimu tunavyofanya. Nikautumia ugali, nikaongeza maandazi, nikaongeza kufua na kusuka nywele, nikaona sasa nimewapata wasichana. Alipokuja tena akasikia kutoka pale ngazini. Siku hiyo nilichambwa mbele ya mpishi wa shule. Aliniuliza kama nataka kuwarudisha jikoni kwa mlango wa nyuma. Nikamjibu, nikiwa nimekasirika kweli, kwamba ugali ni wake. Akafikiri kidogo akasema ndiyo, ni wake, na ulitosha mara moja.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Usingemshika. Kwa watoto sauti yake ilikuwa ya chini, kwa walimu ilikuwa ya mama mkwe. Na kwa wavulana wa mjini, nasema ukweli, hakutenda haki. Alikuwa anaweza kumwinua mvulana kwenye kiti katikati ya kazi yake amkalishe msichana ambaye hakuomba kiti. Nilimwambia yule naye ni mtoto. Akasema anajua, na ataomba radhi kwa padri. Sidhani kama alimwomba radhi yule kijana.

Na aliwahi kukosea vibaya. Mwaka ule wa kwanza, muda wa kuchagua masomo ulipokaribia kwisha na orodha yangu ikiwa bado ina wavulana watupu, alichukua kalamu akajiandikia mwenyewe majina ya wasichana kumi na wawili, pamoja na lile la daftarini. Tukapumua, mimi nikamwonyesha Mkuu wa shule, Mkuu akafurahi. Jumatatu hakuja hata mmoja. Wakapita mbele ya chumba wameinamisha vichwa kama wanapita msibani. Mkufunzi akawafuata mmoja mmoja kuwaomba msamaha, mama mzima wa umri ule, jua kali, akakata majina yote kumi na mawili kwa rula ili mistari inyooke. Alisema amewafanyia kama wanavyofanyiwa na kila mtu. Tukabaki na siku nne.

Katika siku hizo nne ndipo lilipotokea jambo la Somoe.

Somoe ndiye yule msichana wa ugali. Alitoka kijiji cha Namasakata, amepanga geto na wenzake wawili, anajipikia, na hesabu alikuwa wa tatu darasani. Mchana ule Mkufunzi alikuwa kwenye ngazi yake kama kawaida. Somoe akaja na rafiki yake. Rafiki akavua viatu akaingia. Somoe akasimama, akatazama ile milima ya viatu, akasema amesahau daftari, akaondoka. Daftari lilikuwa mkononi mwake.

Mkufunzi hakumwita. Alinyanyuka akamfuata, akamwomba amsaidie kikapu mpaka barabarani, kwa kuwa mguu unamsumbua. Walichoongea njiani sikukisikia. Nilichoona ni yeye akirudi bila kikapu, anatweta, akanivuta pembeni ya jengo ambako hakuna mtoto.

"Wanavaa soksi zenye shingo tu," akasema. "Chini hakuna kitu. Ukiwavua viatu, mwalimu, unawavua nguo."

Ilibidi anieleze mara ya pili. Shule inataka soksi nyeupe, basi mtoto anavaa zile zile mpaka unyayo unakwisha, inabaki sehemu ya juu ya kifundo, na mguu ukiwa ndani ya kiatu nani atajua. Wengine hawana hata hiyo shingo. Wengine miguu imepasuka kwa umande wa shamba. Na mimi kwenye mlango wa chumba changu nilikuwa nimepigilia ubao, kwa rangi nyekundu na mkono wangu mwenyewe: VUA VIATU. Nilifanya hivyo kwa ajili ya vumbi. Vumbi la Songea kila mtu analijua, jekundu, linaingia hata kwenye jino, na mashine zetu zilikuwa kuukuu za msaada. Nilijiona mwalimu makini. Miaka mitatu nimeketi nyuma ya ubao ule nikiandika ripoti kwamba watoto wa vijijini hawana mwamko.

Nilitaka ardhi inimeze, lakini mdomo wangu ukabishana, maana ndivyo midomo ya walimu ilivyo. Nikasema mashine zitakufa. Akasema vumbi linafutika. Nikasema Mkuu wa shule hatakubali, nayo ikawa kweli, hakukubali. Alimwambia Mkufunzi mbele yangu kwamba mradi ukiondoka, mashine zikiharibika, atakayeulizwa ni yeye Mkuu. Mkufunzi hakubishana naye. Aliomba dekio, ndoo, na magunia mawili ya katani. Gunia moja akalilowesha akaliweka mlangoni, la pili kavu akalitandaza ndani. Kisha akatoka nje akakanyaga tope la bombani, akajifuta, akaingia na viatu vyake mpaka meza ya mwisho, akamwomba Mkuu atafute alama kwenye sakafu. Mkuu akatafuta kweli, ameinama na tai yake. Akasema tujaribu muhula mmoja.

Ubao niliung'oa mwenyewe jioni ile. Hatukutangaza chochote, Mkufunzi alikataza, alisema ukitangaza sababu umewavua tena. Kesho yake wanafunzi wakaona tu wenzao wanaingia na viatu. Siku ya mwisho orodha ilikuwa na majina kumi na tisa, wasichana wanane kati yao, na Somoe aliliandika lake kwa mkono wake. Chumba kikabaki.

Sitaki mtu adhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Mashine mbili zilikufa mwaka ule ule, na mpaka leo sijui kama ni vumbi au uzee. Wasichana wawili waliacha. Somoe alimaliza na C, wala hakuwa wa kwanza, na sasa ana kibanda cha kuchapa na kutoa kopi Tunduru mjini, ambako anawafundisha wasichana wawili bila kuombwa na mtu. Nilipompa Mkufunzi habari hizo alisema C ni herufi nzuri.

Kuna jingine ambalo huwa nalikumbuka nikiwa nimekaa peke yangu kwenye kile chumba. Alikuwepo kijana mwenye ualbino, anayekaa dawati la nyuma kwa sababu ya dirisha, mwanga unamuumiza. Naye alifika mlangoni akarudi. Mkufunzi aliponiuliza, nikasema macho yake hayaoni vizuri, kompyuta itamtesa. Akaniuliza kama maandishi ya kwenye kioo hayawezi kukuzwa. Nikamwonyesha: vitufe viwili tu, herufi zikawa kubwa kama za bango la mgombea, nikapunguza na mwanga. Alitazama kioo muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Ulikuwa unalijua hili muda wote?"

Yeye alikuwa hajui, mimi nilikuwa najua, na kijana alikuwa nje.

Alistaafu bila sherehe. Mradi ulikuwa umeshafungasha, yale magari meupe yakaenda mkoa mwingine, na yeye akarudi kwake Matogoro kulima mahindi na maharage chini ya mlima. Sisi tukabaki na chumba, mimi hasa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kila Mkuu wa shule aliyekuja aliuona mzigo wangu mwepesi. Vipindi vya hesabu thelathini kwa wiki, kompyuta juu yake. Nafagia mwenyewe, nalowesha gunia mwenyewe, nabembeleza fundi wa umeme mwenyewe. Kila Januari naanza upya kuzunguka mageto kuongea na watoto ambao ndugu zao wakubwa niliongea nao juzi tu. Watu hawakuambii hilo. Wanakuambia ukiufungua mlango umefunguka. Mlango ule unajifunga kila mwaka.

Mwaka huu walijiandikisha wanne, wavulana, wa mjini. Mkuu mpya akarudia yale yale ya stoo ya vitabu, na safari hii sikubishana. Nikaandika barua ya kuomba kuacha somo la kompyuta nibaki na hesabu peke yake. Nilijua maana yake, kwamba chumba kitafungwa. Nikaitia mfukoni, na kabla ya kuipeleka ofisini nikapanda bodaboda kwenda Matogoro. Sijui nilitaka nini kwake. Labda ruhusa.

Ilikuwa asubuhi ya baridi, ukungu bado umekaa mlimani. Mkufunzi alikuwa kibarazani anachambua maharage kwenye ungo, mguu mmoja ameuegesha juu ya kigoda, umevimba. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanisogezea ungo nichambue naye. Hakuuliza habari za shule. Tukaongea mvua, mbolea ya ruzuku, kifo cha mwalimu mmoja tuliyemfahamu wote. Mwishowe nikatoa barua nikampa. Akavaa miwani yake akaisoma barua kwa kuishika mbali, taratibu, kwa kile kidole cha shahada.

"Hapa umeandika wanafunzi hawana nia na somo," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Ni kweli?"

Nilichambua maharage. Nilichambua sana. Mwaka huu nilikuwa sijazunguka geto hata moja, nilibandika tangazo ubaoni nikarudi ofisini kukaa.

"Si kweli," nikasema.

"Kweli ni ipi?"

"Nimechoka, Mama."

Nilidhani atanikaripia kama zamani, na nilitaka anikaripie. Hakufanya hivyo. Alikunja barua akanirudishia.

"Basi andika hivyo. Kuchoka si dhambi, hata mimi nilikuwa nakaa pale ngazini kwa sababu ya mguu. Acha kazi hiyo, mwanangu, umeifanya. Lakini ukiandika wao hawana nia, barua inakaa kwenye faili. Atakuja mwenzio baada yako, kijana mwenye nguvu zake, ataisoma, na hatahangaika kuwatafuta."

Akaingia ndani akichechemea, akatoka na karatasi iliyochanwa kutoka lile daftari lake kubwa. Niliandika pale pale, juu ya sinia. Naomba kuacha kufundisha somo la kompyuta kwa kuwa nimechoka. Alisema ni barua nzuri, haina kosa la tahajia. Akanipa maharage kwenye mfuko, nikaondoka, na njiani nilikasirika kwamba hakuniomba nibaki.

Jumatatu Mkuu wa shule aliisoma akiwa amesimama. Akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu.

"Mwalimu, hii siyo sababu. Humu nani hajachoka? Niandikie sababu ya maana, kwa mfano watoto hawalitaki somo, nipitishe leo hii."

Akanisogezea kalamu. Ile sentensi nilikuwa nayo tayari mdomoni, fupi, nyepesi, ingeniweka huru kabla ya chai ya saa nne. Nikaitazama kalamu. Nikamwambia sababu nyingine sina.

Akanirudishia karatasi yangu bila kuipitisha. Kipindi cha tatu kilikuwa cha kompyuta, nikaenda nikafungua chumba.